Fanksheni Iliyomnyima Mzee Kioko Maji

Siku ya kuniaga ofisini walileta keki. Juu yake ilikuwa imeandikwa kwa sukari nyekundu: KWAHERI NDOLO MUTISYA. Mimi ni Mutisya Ndolo. Ndolo Mutisya ni baba yangu, naye aliagwa miaka sita iliyopita, bila keki.

Niliwatazama wale vijana wanne wanaobaki. Wote wana digrii na wote wanaandika programu za kompyuta, lakini hakuna aliyeona kosa. Walipiga makofi. Mmoja alisema, "Hotuba! Hotuba!" Mimi si mtu wa hotuba. Nilikata vipande viwili, nikala kimoja, kingine nikakifunga kwenye karatasi, nikaenda nyumbani. Sasa nawaandikia, kwa sababu karatasi haipigi makofi.

Naandika polepole. Natumia vidole viwili, na kila sentensi naisoma mara tatu kabla ya kuiacha iende. Mnaoandika mbio mtanisamehe. Nimekuwa nikiwasamehe ninyi kwa miaka kumi na mmoja.

Mtasema mtu wa miaka ishirini na tisa hastaafu. Sawa, semeni nimeacha kazi. Nimepata shamba kwenye mfereji kule Kibwezi, na nimechoka kukaa kwenye kiti. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikuwapo. Nitaandika juu ya jambo moja tu, parameta za fanksheni, maana ndilo pekee nililolijua vizuri, na ndilo nililolikosea vibaya.

Nilifika mji wa Wote nikiwa na miaka kumi na minane, kutoka upande wa Mutomo. Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Fundi mmoja wa umeme alinichukua nimsaidie kuvuta nyaya katika ofisi mpya ya watu wa kompyuta, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba nikitaka maji ya kunywa nilisubiri chumba kibaki tupu.

Siku ya tatu nilikuwa juu ya ngazi na waya mkononi, na chini yangu kulikuwa na kompyuta iliyoachwa wazi. Niliisoma. Sikuelewa maneno, lakini niliona mistari sita hapa na mistari sita kule, sawasawa kama mapacha.

"Wewe wa nyaya, unasoma nini hapo?"

Alikuwa Madam Syokau. Ndiye aliyeanzisha ofisi ile, baada ya kufundisha hesabu katika shule ya upili hadi akachoka na kengele.

"Samahani, Madam."

"Sijakuuliza samahani. Nimeuliza unasoma nini."

"Hii na hii ni moja. Imerudiwa."

Akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane."

"Ulipita?"

"Nilipita. Lakini mbuzi hawakuwa na mtu."

"Shuka," akasema. "Nyaya zitavutwa na mwingine."

Basi hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Nyinyi mlivaa tai.

Lugha tuliyoitumia pale ni ile mnayoijua, lugha ya fanksheni tupu. Lakini karatasi hii inaweza kufika kwa mama yangu, kwa hiyo nitaeleza. Fanksheni ni kama kinu cha posho. Unamimina mahindi juu, unga unatoka chini. Parameta ni mdomo wa kumimina. Katika lugha yetu kila kitu ni kinu, na kinu hakina siri. Ukitia kitu kile kile leo na mwakani, kinatoa kitu kile kile, wala hakizunguki nyuma ya nyumba kubadilisha mambo bila kukuambia. Kwa mtu aliyekuwa anaogopa watu, hiyo ilikuwa raha. Watu unawatilia salamu wanakutolea kicheko.

Kinu chenye mdomo mmoja hata mlevi hawezi kukikosea. Kinu chenye midomo tisa isiyo na alama ni mtego. Hayo ndiyo masomo yote. Yanayobaki ni mifano ya watu wasiosikia.

Madam hakuniruhusu kugusa kibodi kwa miezi miwili. Alinipa daftari la kurasa mia na kalamu ya risasi. Kwa kila fanksheni nilitakiwa kuandika kwanza: inataka nini, inatoa nini. Nikiandika inataka vitu vitano, aliuliza, "Vipi kati ya hivi husafiri pamoja?" Kama tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza zinaenda pamoja kila siku, kwa nini zinaingia kwa milango miwili kama mume na mke walionuniana? Zifunge kitu kimoja, zipe jina.

Juu ya mpangilio alikuwa na msemo mmoja. "Kinachokaa kitangulie, kinachopita kifuate." Kwa mfano fanksheni ya kupima maji ya tangi, yenye parameta mbili: tangi, na kimo cha maji cha siku hiyo. Tangi halibadiliki, kimo hubadilika kila asubuhi. Tangi likitangulia, unaweza kuipa fanksheni tangi peke yake, ikabaki inangoja, tayari inalijua, halafu ukaipitishia vimo vya mwezi mzima kimoja kimoja. Ukigeuza, kila kimo kitalazimika kulitaja tangi upya, kama mlevi anayejitambulisha kwa kila meza.

Na mtihani wa mwisho ulikuwa Mama Kalondu. Mama huyu alituletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kila mchana kwa ndoo yenye kifuniko, na hakujua lolote la kompyuta. Madam alisema fanksheni ikisomwa kwa sauti na Mama Kalondu asipoielewa, imeandikwa vibaya. Sisi tulimheshimu kuliko kitabu.

Kisha akaja Injinia Kyalo.

Alitoka Nairobi na digrii mbili. Madam alikuwa ameanza kuugua miguu na kufanya kazi kutoka nyumbani, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu ofisini. Alikuwa na mkoba wa ngozi na mswaki mdogo wa kusafishia kibodi. Wiki ya kwanza aliandika fanksheni yenye parameta tisa, tatu kati yake zikiwa za ndiyo au hapana. Nilimsomea Mama Kalondu.

"Panga, arobaini, tatu, ndiyo, hapana, ndiyo..."

"Ngoja," akasema Mama Kalondu, kijiko hewani. "Hiyo ndiyo ni ya nini?"

"Ni ya kusema tutume ujumbe."

"Na hapana?"

"Ni ya kusema tusihesabu Jumapili."

"Na hiyo ndiyo ingine?"

Ilinibidi nifungue kompyuta niangalie.

"Ai!" akasema. "Sasa huyu mtu ananiuliza ama ananijibu? Chukua chakula, inapoa."

Injinia alisikia. Akasema mama wa chakula hatakuwa anakagua programu tena. Nilikuwa na la kusema, lakini mdomo wangu una tabia ya kujifunga unapohitajika. Nikala muthokoi.

Hapo ndipo dharau iliponiingia, na nataka mjue ilikuwa tamu. Mtu mwoga akianza kudharau, hujiona jasiri. Nilikuwa nimekaa kimya kama zamani, lakini sasa kimya changu kilikuwa na kiburi ndani yake. Daftari langu lilijaa makosa ya Injinia, yameandikwa kwa mwandiko mzuri, na hakuna hata moja nililomwonyesha.

Sasa nifike Kibwezi. Kule kuna mfereji unaotoa maji mtoni, na wakulima wake walituomba programu ya kupanga zamu. Mashamba yamegawanyika: ya Juu, karibu na lango, na ya Chini. Kila Jumatatu karani wao aliweka orodha mbili, moja ya Juu na moja ya Chini. Programu ilipanga siku, ikamtumia kila mkulima ujumbe wa simu, na ikamtumia mlinzi wa lango jina la anayefunguliwa. Mlinzi huyo alifuata simu yake kama Maandiko. Jina halipo, maji hayapo.

Ndani yake kulikuwa na fanksheni ndogo ya kumtafuta mkulima. Parameta mbili: jina lake, kisha jina la baba yake. Zote mbili zilikuwa maneno matupu, yaani herufi tu. Lugha yetu ina mkaguzi anayesoma programu kabla haijatembea, na ukitia mdomoni kitu kisichofaa anakataa. Ni mkali kuliko mwalimu wa zamu. Lakini ukimwambia mdomo huu unapokea neno na ule unapokea neno, utafanyaje akukataze kubadilisha? Maneno ni maneno. Amefumba macho kwa sababu wewe umemfumba.

Siku moja Injinia akasema kimataifa jina la ukoo ndilo hutangulia. Akageuza mpangilio wa fanksheni: jina la baba kwanza, jina la mtu baadaye.

Kwenye mkutano nikajikaza. "Injinia, labda tungetengeneza aina mbili. Jina liwe aina yake, jina la baba liwe aina yake. Ili mkaguzi akatae mtu akichanganya."

Akatabasamu. "Darasa la nane anataka kutufundisha aina."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka mkubwa akifanya mzaha. Masikio yangu yakawaka hadi jioni.

Mchana ule nilisoma kazi yake. Pale fanksheni inapoitwa kwa orodha ya Chini alikuwa amegeuza vizuri. Pale inapoitwa kwa orodha ya Juu alisahau. Jina lilikuwa linaingia kwenye mdomo wa baba, na baba kwenye mdomo wa jina. Niliuona ule mstari wazi kama nzi kwenye maziwa.

Na sikusema.

Nilijiambia, Jumatatu orodha yote ya Juu itarudi na neno HAPATIKANI, wakulima watapiga simu, Injinia ataaibika mbele ya kila mtu, nami nitafungua daftari. Nililala vizuri kabisa.

Jumatatu ikapita. Hakuna simu. Jumatatu ya pili, kimya. Nikadhani ameliona akalirekebisha mwenyewe, na nikasikitika. Ndiyo, nilisikitika. Sikufungua programu kuangalia.

Kumbe karani wa Kibwezi alikuwa anapata HAPATIKANI kwa orodha nzima ya Juu, naye kila Jumatatu alikaa chini akayaingiza majina yote yaliyokosekana kwa mkono, bila kunung'unika. Tulipomuuliza baadaye mbona hakusema, alishangaa. "Si ndivyo kompyuta hufanya?" Hivyo ndivyo tulivyowazoesha watu.

Lakini palikuwa na jina moja katika orodha ya Juu ambalo halikurudi na HAPATIKANI, na kueleza kwa nini, lazima niseme jambo mnalolijua tangu mkiwa mgongoni mwa mama zenu, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliweka kwenye programu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu, baba wa baba yake. Jina lake la pili ni la baba. Kioko mwana wa Nzau akizaa mvulana, mvulana ni Nzau mwana wa Kioko. Baba na mwana ni jozi ya viatu, wa kulia na wa kushoto. Ukigeuza jina la mtu wa Ukambani, hupati kosa. Unampata mtoto wake.

Mzee Kioko Nzau alikuwa na shamba la Juu. Mwanawe Nzau Kioko alikuwa na shamba la Chini. Programu ilipoambiwa imtafute mzee, ilimtafuta kinyume, ikampata mwana, ikafurahi. Kwa majuma saba Nzau alipata zamu mbili na baba yake hakupata hata moja. Karani hakuona kitu, kwa sababu hapakuwa na HAPATIKANI.

Habari zilitufikia Alhamisi moja. Mwenyekiti wa mfereji alimpigia Injinia, na Injinia aliweka simu mezani kwa sauti ya wazi ili aendelee kusafisha kibodi.

"Mzee Kioko amesema mtoto wake amehonga mtu wa lango," mwenyekiti alisema. "Bamia yake yote imekauka. Jumamosi ameita wazee wa ukoo. Anamtoa huyo kijana kwa shamba, yeye na bibi yake, na bibi ni mjamzito. Shamba lenyewe si ni la mzee? Alimkatia tu. Na amesema huyo mtoto akizaliwa mvulana asiitwe jina lake. Sasa mimi nauliza, hiyo programu yenu inasemaje?"

Injinia akasema tutaangalia. Akafungua programu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilisubiri aone. Aliona, maana shingo yake ilibadilika.

"Jumamosi nitaenda huko. Tutasema ni mtandao," akasema.

Niliwaza juu ya lile daftari langu zuri. Majuma saba. Bamia hukauka kwa majuma mawili.

"Nitaenda na wewe," nikasema.

Jumamosi tulifika Kibwezi. Wazee watano walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kwenye baraza la ofisi ya mfereji, chini ya mabati yanayolia kwa joto. Mzee Kioko alikuwa mwembamba, kofia mkononi, suruali imeshonwa magotini vizuri. Nzau alisimama mbali, karibu na ukuta, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mkewe alikaa juu ya gunia lililokunjwa, tumbo mbele.

Injinia akafungua mkoba wa ngozi, akaufunga. "Wazee, kulikuwa na changamoto ya mtandao."

Mzee Kioko alimtazama taratibu. "Mtandao."

"Ndiyo, Mzee."

"Mtandao ulitoa maji kwangu ikamwagilia huyu?"

"Mambo ya kiufundi, Mzee, ni magumu kidogo kueleza..."

"Mimi nimelima miaka arobaini. Sijaona mtandao ikichagua bamia." Wazee wakacheka kwa pua. Mzee akawageukia. "Mnaona? Mtoto amewalipa mpaka na hawa."

Nzau akafungua mdomo, akaufunga. Nilimtambua pale pale. Alikuwa mtu wa aina yangu.

Mzee mmoja akaanza kusimama. "Basi kama ni hivyo, Kioko, sema neno lako tusikie, twende."

Kama angelisema, lingekuwa limesemwa. Neno la baba mbele ya ukoo halina mahali pa kubonyeza lifutike.

"Ni sisi," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo. Mzee akaweka mkono sikioni. "Nani anaongea?"

"Mimi, Mzee. Ni sisi tuliokosea. Mimi niliona kosa na nikanyamaza."

Injinia alinitazama kama anayemwona mtu akivua nguo sokoni. Sikumwangalia. Niliendelea, kwa sababu ningenyamaza nisingeanza tena. Nikasema kompyuta tunaipa majina mawili, la mtu na la baba yake. Nikasema mtu aligeuza mpangilio mahali pamoja akasahau pengine. Nikasema, "Tulipomtafuta Kioko Nzau, tulikuwa tunaiambia Nzau Kioko. Na Nzau Kioko yupo. Ni huyu. Hakuhonga mtu. Hakujua."

Wazee wakamtazama Nzau, kisha wakamtazama baba yake.

"Kwa hivyo," Mzee Kioko akasema, "hiyo kompyuta yenu haijui baba na mtoto?"

"Haijui. Hatukuiambia."

"Hata mbuzi inajua mtoto wake."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe uliona."

"Niliona."

"Siku gani?"

"Siku ile ile."

Alivaa kofia, akaivua. Nilikuwa tayari kwa tusi. Lakini hakuwa na haja na mimi tena. Alimgeukia mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwongelesha.

"Na wewe? Unapata maji mara mbili, kila juma, majuma saba. Hukujiuliza?"

Nzau aliitazama sakafu. "Nilidhani ni wewe umenipa, nau."

Nau ni baba. Alilisema kama mtoto.

"Mimi?"

"Mlinzi alisema hii ni zamu ya Juu, umeandikiwa. Nikasema moyoni, mzee ameona huyu mama yuko hivi, ameniachia zamu. Nikapanda mistari minne zaidi. Nilikuwa nakuja kukushukuru, nikasikia umekasirika. Nikaogopa."

Mzee aliyekuwa amesimama alikaa tena, akijifanya anatafuta kiti chake.

"Ungeniomba," Mzee Kioko akasema, "ningekupa."

"Najua, nau."

"Hujui. Ungejua ungeomba." Akakohoa. "Bamia imeshika?"

"Imeshika."

"Basi yangu imekufa. Jumatatu utakuja tung'oe. Na mistari miwili kati ya hiyo minne ni yangu."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakuna aliyekumbatiana na mwenzake. Si watu wa hivyo. Mke wa Nzau alinyanyuka kwenye gunia, akalikung'uta, akaenda kutafuta chai ya wazee.

Tulipokuwa tunaondoka, Mzee Kioko aliniita. "Mwanake, kuja hapa." Ndivyo wazee wa kwetu humwita kijana. "Nataka kuuliza kitu moja. Mbona kompyuta inataka jina yangu?"

"Ili ijue maji yaende kwa nani, Mzee."

"Maji haiendi kwa mtu. Maji inaenda kwa shamba. Mimi nikienda Mombasa, shamba inabaki na kiu. Shamba yangu ni ya saba kutoka lango. Ilikuwa ya saba wakati ya baba yangu." Akanipiga bega kwa kofia. "Mlisomea hiyo kitu miaka ngapi?"

Niligeuka nikahesabu mashamba kutoka lango. Lake lilikuwa la saba.

Jumatatu niliifuta ile fanksheni. Sikuigeuza, sikuitengenezea zile aina mbili nilizokuwa ninajivunia. Niliifuta. Mahali pake kuna fanksheni yenye parameta moja: shamba, la ngapi kutoka lango, Juu au Chini. Jina la mkulima ni kitu kinachoandikwa kwenye ujumbe ili mtu ajisikie ameheshimiwa, lakini halifungui maji. Nilimpelekea Madam Syokau nyumbani, nikamsomea. Alinyoosha mguu wake mbaya juu ya stuli.

"Nani ameipanga hii?"

"Mzee mmoja wa bamia."

"Na wewe ulikuwa unapigania aina mbili za majina."

"Ndiyo, Madam."

"Na Kyalo alikuwa anapigania lipi litangulie." Alicheka hadi akashika mguu. "Wapumbavu wawili wanagombania mdomo wa kinu kisichohitajika. Na mimi niliyekipitisha mara ya kwanza ni wa tatu." Kisha akaacha kucheka. "Ile ya kunyamaza, Mutisya. Hiyo hakuna mkaguzi anayeikamata."

Injinia Kyalo aliondoka mwaka uliofuata, akaenda mahali wanakothamini mikoba. Sina ugomvi naye. Yeye alisahau mstari mmoja, jambo ambalo kila mtu hufanya kabla ya chai ya saa nne. Mimi sikusahau kitu. Nilikumbuka kila kitu, katika daftari, kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo ninyi wanne, kabla hamjaongeza parameta, ulizeni kama hicho kitu kinahitajika kabisa. Ndiyo na hapana zipeni majina. Na mkiona mwenzenu amekosea, semeni siku hiyo hiyo, hata akiwa na mkoba. Mama Kalondu bado analeta muthokoi. Msomeeni.

Shamba langu jipya ni la kumi na nne, Juu. Ujumbe wa zamu hunifikia vizuri. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilipita kwa Mzee Kioko kumpelekea kipande cha ile keki, kile chenye jina la baba yangu. Alikuwa amekaa nje ya mlango na mtoto mapajani, kitu cha miezi mitatu, kimefungwa blanketi hadi kidevuni. Nzau alikuwa anapalilia upande wa pili, na mabinti zake wawili, mkubwa akiwa ndiye aliyekuwa tumboni siku ile ya baraza, wakimtupia mawe madogo kunguru.

"Mvulana?" nikauliza.

"Mvulana."

"Anaitwa nani, Mzee?"

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile aliponiuliza mbona kompyuta inataka jina. Akamgeuza mtoto uso kwangu, taratibu, ili nimwone vizuri.

"Kioko Nzau," akasema. "Mbele Kioko, nyuma Nzau. Kama mimi, hakuna mahali tumeachana." Akachukua keki. "Sasa ita yule Injinia wako ageuze."